Gurudumu Lililosimama

Asubuhi ile Mama Mboni alimpa mumewe chupa ya chai, akamwambia, "Leo uirudishe, usiiache huko kama juzi." Injinia Shekilindi aliitikia bila kumtazama. Saa saba mchana mkewe alianguka jikoni, akafa. Chupa ilibaki ofisini.

Siku ya nne baada ya mazishi alirudi ghalani, kwenye foklifti zake za umeme, zile mashine za kunyanyulia mizigo. Jumapili alipaka nyumba rangi, kisha akabadilisha mabomba ambayo hayakuwa yakivuja. Binti yao, Mboni, alikaa tu mlangoni mwa jikoni, amejifunga khanga ya mama yake.

"Mpaka lini?" baba alimuuliza jioni moja. "Mimi nimejikaza. Wewe umesimama palepale."

"Baba, tangu tumzike hujakaa nami hata mara moja. Keshokutwa naenda kwa mama mkubwa, Korogwe. Huko wanamlia. Sitarudi."

Baba akatoka kwenda kukagua mabomba.

Kesho yake dumu la mafuta ya kula lilipasuka ghalani, foklifti ikanasa. Gurudumu moja la mbele, lililokuwa juu ya mafuta, lilizunguka kama limepagawa. La pili lilitulia tuli. Dereva, Chande, alizidi kukanyaga.

"Injinia, hili la kushoto limekufa! Mwone mwenzake anavyochapa kazi!"

"Acha kukanyaga, Chande. La kushoto ni zima."

"Zima gani hilo? Limegoma!"

Injinia akaeleza kwa sauti ileile ya siku zote. "Mota inazungusha gia, gia zinapeleka nguvu kwenye difu, ile gia ya katikati ya magurudumu, nayo inaigawa pande mbili sawasawa. Kwenye kona inaliacha kila gurudumu liende mwendo wake, maana la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Lakini moja likikosa pa kushika, mizunguko yote inakimbilia huko. Nguvu ya kulizungusha hilo ni ndogo, na lililo pakavu linapata kiasi hichohicho, hakitoshi kulisukuma."

"Kwa hiyo bovu ni lipi?"

"Hakuna bovu. Lililosimama lina sakafu. Linalozunguka ndilo halina..."

Chande alimwaga mchanga chini ya gurudumu lililokuwa likizunguka, akakanyaga taratibu. Foklifti ikatoka.

Injinia aliingia ofisini, akafunga mlango. Chupa ilikuwa palepale mezani. Aliifungua. Chai ilikuwa imeota ukungu.

Asubuhi iliyofuata hakwenda kazini. Begi la Mboni lilikuwa tayari limefungwa. Aliosha chupa, akaifuta, akairudisha kwenye rafu ya mkewe. Kisha akaketi sakafuni, mlangoni mwa jikoni, kando ya binti yake. Basi la Korogwe liliondoka saa tatu, na wote wawili walikuwa bado wamekaa.

Funzo: Mfiwa anayehangaika kutwa si lazima awe amepona, huenda ndiye asiye na pa kukanyaga. Usimlaumu aliyetulia na huzuni yake. Kaa naye, na kama unamjua anayezunguka hivyo, mfikishie haya.