Samaki wa Dhahabu Aliyeona Haya Kulalamika

Wanasimulia wenye kumbukumbu ndefu kwamba Sultani Mundhiri bin Sabahi alitawala mji wa Kanzaluli, nao ulikuwa mji usio na mto wala kisima, ukinywa maji ya chemchemi moja tu, na chemchemi hiyo ilikuwa mkononi mwa jini mwema lakini mkali, jina lake Dahmashi. Siku moja jini huyo akatokea barazani kama moshi wa ubani, na kiganjani mwake, ndani ya tone kubwa la maji, mlikuwa na samaki mdogo wa dhahabu mwenye mkia laini kama ushungi wa hariri.

"Ewe Sultani," akasema, "huyu ni Lulua, binti yangu wa pekee. Nimeitwa vitani, na vita si mahali pa mtoto. Namweka kwako amana katika umbo hili. Nikirudi nikimkuta mzima, chemchemi ni yenu milele. Nikimkuta amekufa, mtalamba mawe."

Sultani akampokea kwa heshima kuu, akamtia katika bakuli la bilauri, la mviringo, dogo kiasi cha kupakatwa, na bakuli likawekwa juu ya kigoda cha dhahabu penye dirisha la mashariki, ili jua liangazie magamba yake. Na watu wote wa jumba wakampenda. Waziri akipita alimdondoshea halua, mpishi alimletea makombo ya mkate, na Ghanimu, mdogo wake Sultani, kijana mwenye moyo mwepesi wa huruma, hakupita bila kumtilia wali, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyemkumbuka. Naye Lulua alikula kila alichopewa, na kila akiulizwa hali alijibu kwa sauti ndogo kama kengele, "Alhamdulillahi, nimeridhika. Mola awajaze kheri."

Lakini maji yakaingia ukungu, na mapezi yake yakajikunja, na akawa anaelea juu akitweta kwa mdomo wazi. Sultani akashikwa na hofu, akiwaza mji wake wenye kiu.

"Mleteeni bakuli la yakuti!" akaamuru.

"Na tumwongezee chakula, Mtukufu," akasema Waziri. "Labda ni njaa."

Basi Sultani alikuwa na mke kijana, Bi Ruzuna, mwenye mtoto mchanga. Alasiri hiyo alikuwa ameketi dirishani akimnyonyesha, na mtoto aliposhiba akageuza uso. Mama akamrudishia ziwa, na mtoto akapiga mateke na kulia mpaka jumba zima likasikia. Bi Ruzuna akacheka. Kisha akamtazama Lulua, ambaye wakati huo alikuwa akimeza wali, macho yamefifia, huku akishukuru. Kicheko kikamkauka.

"Binti, umeshiba?"

"Alhamdulillahi, bibi, nimeridhika."

"Sikukuuliza hivyo. Umeshiba?"

Lulua akasema, "Bibi, kwetu majinini, mgeni akikataa tonge amemtukana mwenyeji, na akiitia ila nyumba aliyopewa, amemvunjia heshima baba yake."

"Hata akiumwa?"

"Hata akifa."

Bi Ruzuna akalia, kisha akajifuta machozi kwa upindo wa kanga ya mtoto. "Basi ugeni wako umekwisha saa hii," akasema. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wewe tumekuacha ugenini miezi mizima! Umekuwa mwanangu, dada yake huyu mkorofi. Na mtoto wangu akiumwa, hulia. Haya, lia!"

Na Lulua akalia. "Mama, nyumba ni ndogo, nikigeuka najigonga! Napumua uchafu wangu mwenyewe! Asubuhi jua lanichemsha kama dagaa! Na hayo mahalua, mama, tumbo limenipindua, naogelea ubavu!"

Ghanimu, aliyekuwa mlangoni na sahani yake, akaificha mgongoni.

"Shemeji, wali huo kula mwenyewe," akasema Bi Ruzuna. "Kisha uje unisaidie."

Wakaunda birika la vioo, refu kama kitanda, wakaliweka kivulini, na wakatandaza changarawe iliyooshwa na kupanda majani ya chemchemi. Juu yake wakatundika mtungi wenye matundu, uliojaa mchanga na mawe, na maji yakachotwa na kupitishwa humo, yakidondoka yamechujika na kujaa hewa. Ghanimu alipotaka kumhamishia ghafla katika maji mapya, Lulua alipiga kelele, maana sasa alijua kupiga kelele.

"Polepole, bwana! Maji mageni huniua. Yalaze mitungini kwanza, unizoeshe kidogo kidogo. Na kila wiki utoe sehemu tu, urudishe sehemu tu. Wala mawe usiyasugue yakang'aa. Yana utelezi mwema unaokula uchafu."

Sultani akapiga marufuku mtu yeyote kumlisha ila Ghanimu, naye ampe chembe chache, za kumalizika kabla hawajamaliza kusalimiana.

"Hata halua kidogo, Mtukufu?" akauliza Waziri.

"Hata harufu yake."

Na Lulua akapona, mapezi yakakunjuka, na magamba yakawaka. Ghanimu alimbadilishia maji kwa mkono wake huku akiimba, na Lulua alimwambia, "Leo umeleta ya baridi," au, "Wimbo huo umeniudhi." Na kijana akaona kwamba anampenda zaidi tangu alipoanza kukataa.

Hata Dahmashi akarudi, nguzo zikatikisika, na alipomwona binti yake ni mzima akafurahi. "Jiandae, mwanangu, twende."

"Baba, nakupenda," akasema Lulua, "lakini sitaki kwenda. Nataka kukaa na Ghanimu."

"Nani amekufundisha kunijibu hivi?" jini akanguruma.

Bi Ruzuna akasimama, mtoto yu begani. "Ni mimi. Alikuwa akifa kwa adabu, nikamfundisha kulia. Ukitaka kuadhibu, uniadhibu mimi. Mji hauna kosa."

Jini, kwa ukubwa wake wote, akaketi sakafuni na kulia kama mtoto. "Mama yake alisema ameridhika," akasema, "akasema hivyo mpaka siku aliyokufa, na mimi sikuuliza mara ya pili."

Akaingiza mkono majini, na Lulua akatoka akiwa binti wa kibinadamu, nywele zikidondoka maji. Akaozwa Ghanimu kwa ridhaa yake mwenyewe, na jini akawapa watu wa mji chemchemi yao, na lulu zisizohesabika juu yake, wakaishi kwa raha.

Nawe uliyesikia haya, ukipewa amana yenye roho, iwe samaki, iwe mtoto, iwe mke, mpe nafasi ya kugeuka na maji safi na chakula cha kiasi. Na akikushukuru, muulize tena.