Mkono Aliouficha Muadhini

Imepokewa kutoka kwa waja wema waliotutangulia kwamba katika mji wa Wasit palikuwa na muadhini aitwaye Mundhiri, mfumaji wa vitambaa, mtu mpole na mcha Mungu. Kisa chake kila nikikisimulia hasira hunipanda, basi mnivumilie.

Mundhiri hakupata kuonekana akitawadha kwenye birika la msikiti. Alikuja na udhu wake kutoka nyumbani, mikono ya kanzu imeshuka hadi vidoleni, hata katika joto la kiangazi. Watu wakaanza kunong'ona kwamba huyu anaswali bila udhu. Ndugu zangu, mja anakuja kumwitikia Mola wake, na waumini wameketi wanachungulia kama ndevu zake zina maji.

Aliyeshupaa zaidi ni mfanyabiashara mmoja, Dhamra. Alimwendea imamu, Sheikh Humeidi, akataka Mundhiri avuliwe uadhini. Na uadhini, wallahi, ndio uliokuwa faraja pekee ya mja yule. Nyumbani kwake akifungua mdomo hukaripiwa. Juu ya mnara mji mzima humsikiliza.

Sheikh akamwita mbele ya watu. "Mundhiri, mwanangu, umetuhumiwa. Tawadha hapa tuondoe shaka."

Mundhiri angeweza kuuacha uadhini akaondoka na siri yake, lakini akachelea uongo juu ya swala yake usije ukathibiti. Akaketi kwenye birika, akakunja mikono ya kanzu.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umejaa majeraha ya moto, ya zamani na mabichi, umefungwa hapa na pale vitambaa alivyovifuma mwenyewe. Akapaka maji juu ya vitambaa vile, kama sheria inavyomruhusu aliyejeruhiwa.

"Nani aliyekutenda haya?" Sheikh akauliza.

"Mke wangu, Sheikh. Ni chuma cha kuchokolea tanuri. Akighadhibika hunichoma, nami sijapata kuinua mkono juu yake. Niliona haya kusema."

Wakacheka. Naam, ndani ya nyumba ya Mwenyezi Mungu, wakacheka. Dhamra akasema, "Mwanamume mzima na ndevu zake?" Mwingine, akijiona ana busara, akasema, "Subiri, ndugu yangu. Mwenye kumvumilia mke mkali ana daraja lake peponi."

Sheikh Humeidi akasimama, uso umembadilika. "Dhamra, lau mkono huu ungekuwa wa binti yako, ungecheka?"

"La, Sheikh. Ningemwendea huyo mume na fimbo."

"Basi nyama ya Mundhiri imeumbwa kwa udongo gani hata isiungue?" Kisha akamgeukia yule wa pili. "Nawe usimsingizie Mola. Subira ni ya maradhi na misiba. Chuma hiki kimeshikwa na mtu, na mtu huzuiwa."

Siku ile Mundhiri hakurudi nyumbani. Sheikh alimpa chumba kando ya msikiti. Mkewe akaitwa mbele ya kadhi, wala hakukana. Alisema, "Ni mume wangu, namtia adabu nipendavyo." Kadhi akamhukumu kwa dhuluma yake na akawatenganisha.

Uadhini ukabaki kwa Mundhiri. Dhamra naye akaamriwa na Sheikh ammiminie maji ya udhu kila swala mpaka majeraha yapone. Siku ya kwanza alimimina polepole, akikwepa palipochubuka. Alipofika kwenye kiwiko akayaona makovu ya zamani, akatambua kwamba yalikuwapo miaka yote aliyoswali bega kwa bega na mtu huyu. Akaliweka kopo chini, akalia.

Enyi mliokusanyika, wapo wanaume wanaokuja swalani na kanzu ndefu wakati wa joto. Tunajua sana kuwauliza juu ya udhu wao. Mola atusamehe, kwani bado hatujajifunza kuwauliza ni nani aliyewaumiza, na kulisikia jibu bila kucheka.