Utepe Usiovuta

Mtu mmoja alikuwa na binti mwenye mbio, wala hakuwa na mtoto mwingine. Mtu huyo aliitwa Akonaay, mkulima wa vitunguu saumu katika nyanda za juu, na binti yake Fausta. Ukano wa kisigino cha Fausta ulipoumia, ule mshipa mnene unaokiunganisha kisigino na shavu la mguu, Akonaay alimpeleka kwa mtaalamu wa viungo, mama mmoja asiyependa kuulizwa jambo mara mbili.

Mama huyo aliuelekeza wayo chini, vidole vikitazama sakafu, akabandika utepe mgumu kuanzia chini ya kisigino hadi juu ya shavu la mguu. Kisha akamwamuru asimame na kuinama mbele. Fausta akaguna, kwa maana utepe ulimvuta ngozi.

"Umesikia? Huo ndio ulinzi wako," mama akasema. "Utepe hauponyi, mwanangu, wala hauna nguvu ya kukubeba. Kazi yake ni kukuvuta unapoukaribia mpaka. Kazi yako ni kutii."

Katika kijiji chao mkimbiaji hatoki nyumbani kabla mkono wa mzazi haujaugusa mguu wake. Ni baraka, na asiyeipata huhesabiwa kuwa ametoka uchi. Kwa hiyo Akonaay hakuridhia utepe ule ubandikwe na mkono mwingine. Alijifunza kazi hiyo, akaijua, na kila asubuhi akaifanya kizingitini kwa uangalifu ambao hata yule mama asingeutia dosari.

Lakini utepe ulifanya kazi yake. Fausta alipoongeza mwendo, ulimvuta. Alipopanda kilima, ulimvuta zaidi, naye akalazimika kutembea huku wenzake wakimpita. "Vipi, Fausta, baba kakufunga kamba usitoroke?" walimtania. Alicheka pamoja nao, akafika nyumbani akalia. "Baba, utepe huu una gubu kuliko mama mkwe," alisema. "Hauniachi nipumue." Na mbio za mchujo, ambazo zingeamua nani aingie kambi ya mkoa na nani abaki kupalilia vitunguu, zilikuwa zinakaribia.

Akonaay aliweza kuvumilia mengi: ukame, ujane wake, shamba linalooza kwa mvua. Machozi ya Fausta hakuyaweza. Asubuhi moja alimwambia auinue wayo, vidole vitazame juu, akaubandika utepe mguu ukiwa hivyo. Lilikuwa jambo dogo. Utepe ulikuwa uleule, mahali palepale, na mpita njia asingeona tofauti. Ila sasa ulikuwa na ulegevu wa kutosha, hata usimvute kamwe.

Jioni hiyo Fausta alirudi akikimbia. "Baba, haunivuti tena! Kilima chote, haukunivuta! Nimepona!"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Akonaay aliutazama uso ule, ambao kwa muda mrefu haukuwa na nuru, akasema tu, "Mungu ni mkubwa." Asubuhi iliyofuata akaubandika vilevile, na asubuhi zote zilizofuata.

Siku ya mchujo Fausta aliongoza. Alikuwa bado anaongoza kwenye mwinuko wa mwisho ukano ulipokatika, na waliosimama karibu walisikia mlio kama wa kijiti kikavu. Akonaay alimfikia wa kwanza. Binti alikuwa ameketi kwenye majani, halii, anaupapasa utepe, ambao ulikuwa bado umeshika vizuri bila kubanduka hata pembeni.

"Baba, nilikuwa nausikiliza," alisema. "Haukunivuta."

Akonaay akapiga magoti, akaanza kuubandua utepe polepole sana, asije akamuumiza.

Fausta alitembea tena, kwa kuchechemea. Hakukimbia tena.

Wanakijiji walitoa hukumu zao, na ni haki zipimwe. Wako waliosema utepe ndio uliomponza. Dai hilo halisimami: utepe ulifanya kile tu ulichobandikwa ufanye. Wako waliosema binti alikuwa na pupa. Nalo halisimami, kwa kuwa mtu hawezi kushitakiwa kwa kutotii onyo ambalo halikumfikia. Wako pia wanaosema kwamba ukano ule ungekatika hata hivyo. Huenda, hakuna awezaye kuapa kinyume chake. Lakini hata tukikubali hivyo, linabaki jambo moja lisilo na ubishi: Fausta alikuwa na haki ya kujua alipo, ili achague mwenyewe kusimama au kuendelea, na haki hiyo aliondolewa na mkono uliokuwa ukimbariki.

Kwamba Akonaay alimpenda, hakuna ushahidi unaolipinga. Ndiyo maana habari hii ni nzito. Adui angeukata utepe, na binti angeona kwamba umekatwa. Ni mtu ampendaye peke yake aliyeweza kuuacha mahali pake, mzuri, safi, umenyooka, na kuunyang'anya sauti.

Ninyi mnaosikiliza, kila mmoja wenu amewekwa karibu na mguu wa mtu: mwana, mume, rafiki, kiongozi mliyemchagua. Mmeona machozi yake mlipomvuta, nanyi mkalegeza, mkaliita jambo hilo huruma. Je, ni nani leo anayekimbia huku akiusikiliza ukimya wako, akiamini kwamba amepona?