Mtihani Uliovuja Tone kwa Tone

Bwana Shebughe, mwenye maduka ya saruji, alimtaka Mwalimu Namkunda aibe mtihani wa kuingia shule ya vipaji, mwanawe auone mapema.

"Ukikataa, nitakuhamishia porini. Mwenyekiti wa kamati ya shule ni mimi!"

Namkunda hakubisha. "Utavuja, Bwana, ila tone kwa tone. Lakini mwanao akifaulu peke yake, si watashtuka? Tufundishe darasa zima, tumfiche humo humo kwenye kundi."

Shebughe alicheka mpaka kitambi kikatikisika. Akili iliyoje! Akatoa ghala lake, akaweka madawati na taa, na uji wa maziwa ili watoto wa makuli na mama ntilie wasikose hata jioni moja. Kila jioni alinyatia dirishani.

"Leo limevuja swali gani?" alinong'ona.

"La sehemu."

Kesho yake tena: "Na leo?"

"La eneo la duara. Nyamaza, utatuponza!"

Matokeo yalipotoka, mwanawe alichaguliwa, na nusu ya darasa pamoja naye. Aliyeongoza alikuwa binti wa muuza mihogo. Shebughe akamvuta mwalimu pembeni.

"Mdogo wa mwanangu naye atafanya mtihani huo mwakani. Nipeleke kwa huyo anayekuvujishia."

"Nani? Mtihani wenyewe sijauona mpaka leo. Nilifundisha kitabu chote, basi."

"Kumbe nimelisha watoto wa mji mzima! Umenitapeli!"

"Sana. Twende polisi ukawaambie ulinituma nikaibe, nami sikuiba. Nakusindikiza."