Kijiko cha Kwanza cha Bibi Eliwaza

Aonjaye ndiye akaribishaye. Mmeusikia leo mezani, mama mwenye nyumba alipochota kijiko cha kwanza akakipeleka kinywani mwake, nanyi mkakonyezana mkidhani njaa imemzidi. Sasa mnauliza msemo huo umetoka wapi. Umetoka jikoni kwa Bibi Eliwaza, kule Machame, na ulizaliwa namna hii.

Bibi Eliwaza alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, Aminieli. Huyo Aminieli alikwenda Ulaya kusoma, akaoa huko huko, akapata binti, wakamwita Klara. Bibi alimjua mjukuu wake kwa picha tu. Alikuwa akipika mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, anakula bakuli moja, unaobaki anawapa majirani, na roho inamuuma kwamba watoto wa watu wote wamekula chungu chake isipokuwa wa damu yake. Kiu ya maji ina mtungi; kiu ya mtu haina.

Siku moja Aminieli akapiga simu. Anakuja na Klara, lakini kwa siku chache tu.

"Ila Mama," akasema, "mtoto hajui Kiswahili. Anajua Kiingereza peke yake."

Bibi akajifunga kibwebwe. Akamwendea jirani yake, Mwalimu Ndosi, aliyekuwa amestaafu kufundisha.

"Mwalimu, sitaki Kiingereza chote. Nifundishe cha kula tu."

Mnacheka, lakini hilo si jambo dogo. Mwalimu alimwambia kula ni "iti" na kunywa ni "drinki", bibi akafurahi. Kisha akamwambia kwamba Waingereza dawa hawanywi, wanaichukua; chakula cha asubuhi mara nyingi wanakuwa nacho tu; na supu, hata iwe majimaji namna gani, maadamu kuna kijiko wanaila.

"Basi mtori wangu ataunywa au ataula?" bibi akauliza.

"Ataula, Mama Aminieli. Na usije ukamwambia 'konsyumu'. Hilo ni neno la moto unaoteketeza nyumba, na la makaratasi ya serikali."

"Tumbo ni moja, maneno yote haya ya nini?" bibi akanung'unika, lakini akayabeba. Akipalilia migomba, iti. Akichochea moto, iti. Majirani wakasema mama wa watu amepagawa, na yeye akawaacha waseme.

Wageni wakafika. Klara alikuwa msichana mwembamba mwenye paji la uso la marehemu babu yake. Aminieli akabaki uani kusalimiana na majirani. Bibi akamketisha mtoto mezani, akampakulia mtori, akajipakulia na yeye, akaketi mbele yake.

"Iti," akasema kwa upole.

Mtoto akamtazama, mikono mapajani.

"Iti, mjukuu wangu. Plizi."

Mtoto hakugusa kijiko. Bibi akadhani Mwalimu amekosea, akajaribu "drinki". Klara akatazama bakuli lake, akatazama kijiko cha bibi, akameza mate, na machozi yakaanza kumlengalenga. Bibi naye yakamlenga. Akajua kwamba chakula chake kimekataliwa, na siku zenyewe ndizo hizi chache, mtoto atarudi kwao bila kuijua ladha ya nyumbani.

Akamwita mwanawe. "Baba, mwondolee hiki chakula. Kinamchukiza."

Aminieli akainama, akazungumza na binti yake kwa Kiingereza. Kisha akainuka, akamgeukia mama yake.

"Hakimchukizi, Mama. Anakungoja."

"Ananingoja nifanye nini?"

"Uonje. Kule kwetu Ulaya mimi huonja kwanza, ndipo yeye anakula. Nilimwambia kwa bibi yake ndivyo ilivyo, mgeni hagusi kitu mpaka mwenyeji aonje, ajue chakula ni salama na kimetoka kwenye moyo mweupe. Ana njaa tangu uwanja wa ndege."

Bibi Eliwaza akashika kichwa. Desturi hiyo ni yeye aliyemfundisha Aminieli angali mdogo. Lakini alikuwa amekula peke yake miaka na miaka, na alaye peke yake hana wa kumwonjea. Mkono ulikuwa umesahau. Muda wote huo alilia kwamba Ulaya imemmeza mwanawe, kumbe mwanawe alikuwa akila huko kwa desturi ya mama yake.

Akachota kijiko, akala. Klara akachota chake papo hapo, na hakukiweka chini mpaka bakuli likawa jeupe.

Siku zile chache ziliisha upesi. Wageni walipokwisha kuondoka, Mwalimu Ndosi alipita kumjulia hali bibi. Akamkuta mezani peke yake, ameonja mtori mara moja, kisha amekishikilia kijiko hewani, haendelei kula.

"Mama Aminieli, unamsubiri nani?"

"Nampa Klara nafasi aanze," bibi akasema. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakujisumbua kuyafuta.

Mwalimu akavuta kiti, akaketi. Akauliza, "Na katika yale maneno yangu, lipi lilikufaa?"

"Hata moja." Bibi akainuka, akaleta bakuli la pili, akalijaza, akalisogeza mbele ya mgeni wake. "Kula, Mwalimu. Nimekwisha kuonja. Aonjaye ndiye akaribishaye."