Salamu za Ntagwabira

Wahenga walipolinganisha kidole na ulimi hawakuwa na mzaha. Kidole kikijikwaa hutoka damu, hufungwa kitambaa, na baada ya majuma machache mwenyewe amesahau. Ulimi ukijikwaa hautoi damu hata tone, na mara nyingi anayeumia si mwenye ulimi. Constance, mtangazaji wa redio ndogo ya Baraka, mji ulio kando ya ziwa, aliipenda sana methali hiyo. Aliisema hewani kwa madaha, kama mtu anayemwonya jirani.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita, na askari wa nchi jirani walikuwa wameushika mji. Kamanda wao aliomba kiwanja cha ufukweni, pale akina mama wanapoanika ndagala, wale dagaa wa ziwani, ili ajenge kambi ya kudumu. Aliomba, kama kuna kuomba kwa mtu aliyeshika bunduki. Mji ukagawanyika. Wengine walisema kambi italeta usalama, wengine wakasema mgeni akishajenga haagi. Redio ikafungua mjadala kila Jumamosi mchana.

Simu hazikuwapo. Watu waliandika barua, wakazituma kwa baiskeli na mitumbwi hadi kwenye sanduku la mlangoni pa redio. Constance alisoma kila barua na jina la mwandishi, kijiji chake, na salamu zake zote, kwa maana katika wilaya nzima ya Fizi hakuna barua isiyo na salamu, hata kwa watu wa nyumba ya mwandishi mwenyewe. Aliyerukwa salamu zake alikuja kesho yake kununa pale mlangoni.

Anatole, mkuu wa redio, alikuwa na wasiwasi tangu mjadala uanze.

"Constance, kwa mambo ya kambi, soma mawazo. Majina uache."

"Papa Anatole, batu banaandika ju basikie majina yabo."

"Basoda nabo beko banasikiliza."

Constance akakubali, kwani moyoni naye aliwaogopa askari hao.

Jumamosi hiyo, akiingia studio, alijikwaa kizingitini, kucha ya kidole gumba ikang'oka nusu. Akakifunga kwa kipande cha kitenge huku akicheka. "Afadhali kidole," akasema, akaketi.

Barua ya kwanza ilitoka kwa mwenye mtumbwi mmoja wa Mboko, aliyeamini kwamba kambi itawakomesha wezi wa ziwani. Ya pili ilitoka kwa mama aliyeuliza kama sasa ndagala zitaanikwa juu ya vifaru. Ya tatu ilitoka kwa Ntagwabira, mfugaji wa Nundu, mmoja wa wale watu wa milimani wasemao Kinyarwanda, lugha ya askari wale. Constance aliliruka jina, akasoma kwa sauti iliyotulia:

"Wanasema wanajenga kambi ili watulinde sisi watu wa milimani. Sisi hatukuwatuma. Siku ya kuondoka watapanda magari yao. Mimi nitabaki na jirani zangu, na hasira yote waliyoiacha itakuja kubisha mlangoni kwangu. Msiwape kiwanja."

Ilikuwa barua nzuri kuliko zote alizowahi kusoma. Alifurahi, na katika furaha hiyo ulimi wake, uliozoea kazi yake miaka minne, ukateremka wenyewe hadi mwisho wa karatasi.

"Anamusalimia muke wake Uwamwiza, kule Nundu nyuma ya kituo cha afya, pamoja na ng'ombe zao sita."

Akainua macho. Nyuma ya kioo, Anatole alikuwa amejishika kichwa. Nyuma ya kituo cha afya cha Nundu palikuwa na Uwamwiza mmoja tu, mume wake mmoja, na ng'ombe wao sita. Constance akaweka muziki, akaichana barua vipande vipande.

Kabla muziki haujaisha, askari wawili walikuwa mlangoni. Constance aliwaambia barua imechanika.

"Haina neno," mmoja akajibu kwa upole. "Tumeisha kusikia."

Gari lao likashika njia ya Nundu. Anatole akawasha pikipiki yake kuukuu, Constance akapanda nyuma, kidole kikivuja damu. Njia nzima alimwomba Mungu amgeuze bubu tangu jana. Walichelewa. Karibu na Nundu walikutana na askari wakiswaga ng'ombe sita barabarani, gari likitambaa nyuma yao. Constance alijilazimisha kutazama ndani ya gari, lakini turubai lilikuwa limefungwa.

Uwamwiza aliwapokea nje ya nyumba. Mlango ulikuwa umevunjwa, na ndani ugali ulioachwa nusu ulikuwa umepoa sahanini.

"Tulikuwa tunakula, redio iko inasema," akaeleza. "Mume yangu alisikia jina langu, akaacha sahani, akatokea mulango ya nyuma. Basoda banasema habakumupata. Mi sijui kama iko kweli."

Mwezi ukapita. Kambi ikajengwa palepale ufukweni, mjadala au hakuna mjadala. Sanduku la barua likabaki tupu, maana nani angeandika tena? Kucha ya Constance ikaota upya, safi kuliko ya zamani, na kila alipoiona alitamani ingekataa kupona.

Ndipo siku moja Uwamwiza akaja studio na karatasi mkononi.

"Mama Constance, umutafutie mume yangu. Sema batoto beko bazima. Lakini jina lake usiseme, wala langu. Basoda bangali banakuja nyumbani kumutafuta."

"Bila jina, atajuaje ni yeye?"

Uwamwiza akamkabidhi karatasi. Constance aliisoma karatasi mara tatu, akasogea kwenye kipaza sauti. Maneno yalitoka moja moja, kila moja likipimwa kwanza. "Kuna baba mmoja. Popote alipo, ajue batoto bake beko bazima."

Alipogeuka, Uwamwiza alikuwa tayari amesimama, akikaza kitenge kiunoni.

"Huyo ni kila baba wa Fizi," akasema bila hasira, akatoka.

Methali yake Constance hakuisema tena hewani, ingawa Baraka nzima hakuna aliyeijua kumzidi: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.