Kwani Hunijui?

Mtu mmoja alikuwa na lango, ingawa nyumba zilizokuwa nyuma ya lango hazikuwa zake, wala watoto waliokuwamo hawakuwa wake. Jina lake Chidawali. Alikuwa bawabu wa shule ya msingi katika mji mdogo wa bara, mji wa vumbi, ambako mabasi husimama ili abiria wanyooshe miguu na kununua karanga, kisha waende zao. Shule ilitazamana na stendi. Kila siku watu wasiojulikana walikotoka wala waendako walipita mbele ya lango lake. Ndiyo maana shule ile ilikuwa na sheria.

Sheria yenyewe ilikuwa fupi. Mwalimu mkuu, mama aitwaye Eliwaza, aliitunga mara alipohamia pale, na aliitunga kwa uchungu, maana huko alikotoka alikwisha kuona mtoto akishikwa mkono na mtu na asirudi tena. Aliwaita wazazi wa watoto wadogo, akampa kila mmoja kibati, yaani kipande cha bati cha ukubwa wa kifuniko cha soda, kimetobolewa tundu la uzi na kugongwa alama. Alama hiyo hiyo ilishonwa kwenye kola ya mtoto. Huyu jembe, huyu kuku, huyu nyota. Anayekuja kumchukua mtoto aonyeshe kibati, alama zilingane, mtoto atoke. Hana kibati, mtoto habanduki. Kisha akageuka, wazazi wote wakisikia, akamwambia Chidawali, "Hata mimi nikija kumchukua mwanangu bila kibati, mzee, nifungie nje." Watu wakapiga makofi. Makofi ni rahisi, jamani, hayamgharimu mtu kitu.

Chidawali aliipenda sheria ile. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kuambiwa sogea, ngoja, njoo kesho, na leo yeye ndiye wa kusema ngoja. Inyeshe mvua, liwake jua, alitazama kibati, akatazama kola, ndipo akavuta komeo. Watoto walimwita Babu Komeo, naye hujifanya amekasirika, lakini moyoni alifurahi.

Siku moja mchana akaja mwenyekiti wa kamati ya shule kumchukua mjukuu wake. Gari aliliacha likiunguruma. Kamati yake ndiyo iliyoipitisha sheria ya vibati, na mkono wake ndio uliotangulia kunyanyuka. Chidawali akamwomba kibati kwa adabu zote. Mwenyekiti hakukasirika. Alimtazama bawabu kama mtu anayemtazama kuku aliyeanza kusema, akauliza, "Kwani hunijui?"

Hebu tusimame hapa kidogo, kwa maana neno hili ndugu zangu mnalijua, na wengine wenu mnalo mfukoni sasa hivi. Si swali hili. Ukijibu "nakujua", basi fungua, wangoja nini? Ukijibu "sikujui", umemvunjia mtu heshima mbele za watu, na kwetu sisi ni afadhali umvunje mguu. Chidawali alikwenda ofisini kuuliza. Eliwaza alichungulia dirishani, akaliona gari, akakumbuka kwamba kamati haijaamua juu ya paa la darasa la tatu linalovuja. Akasema taratibu, bila kumtazama mzee usoni, "Huyu mwache tu. Huyu ni mwenyekiti wetu."

Komeo likavutwa. Mtoto akaenda nyumbani na babu yake, akala wali, akalala salama. Hakuna kilichoharibika. Huo ndio ubaya wa mambo haya, kwamba siku ya kwanza hayana ubaya wowote.

Mazoea yana taabu. Baada ya mwenyekiti akaja mchungaji, na nani atamdai mchungaji kipande cha bati? Akaja mwenye duka la saruji. Akaja mke wa bwana afya. Akaja mkwewe Chidawali mwenyewe, na mkwe hata kumtazama usoni huwezi, seuze kumwambia ngoja. Safari moja mzee alijaribu kumchelewesha mwenye duka la saruji, naye Eliwaza akatoka ofisini akamfokea mbele ya wazazi waliopanga foleni: atumie akili, wako watu wasioulizwa. Maneno yale yalimchoma Chidawali. Alikuwa mzee, kazi nyingine hana, na mke wake nyumbani alikuwa hajiwezi kwa miguu. Akayameza.

Tena akayazoea, na hili ndilo baya zaidi, akayapenda. Alianza kuonekana mtu anayejua watu. Gari likisimama tu, yeye huwahi kusema, "Aa, mheshimiwa, nakujua sana, pita, pita!" Aliwaambia hivyo anaowajua, kisha anaowajua kwa mbali, kisha wale anaodhani labda aliwahi kuwaona mahali. Nao walimpungia mkono, wakamwita mzee wetu. Mtu aliyekaa miaka yote bila kupungiwa mkono, akionja utamu huo hauachi.

Sheria haikufutwa. Ilikuwa imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu, na kila muhula ilisomwa mbele ya wazazi. Ila vibati sasa vililetwa na wale tu wasiojulikana na mtu: vibarua, wachukuzi wa mizigo, wanawake wa biashara za chini. Hao hawakusema "kwani hunijui?" Walikwisha kujua jibu.

Miongoni mwao alikuwa Mama Sikudhani. Alikaanga mihogo pale stendi, na hakuwa na mtoto mwingine ila yule mmoja, Sikudhani, wa darasa la pili, aliyempata akiwa amekwisha kata tamaa ya kuzaa, ndipo akamwita jina hilo. Kibati chao kilikuwa na alama ya mwiko. Mama yule alikifunga kwenye pindo la kanga, na kila akija langoni alilifungua fundo polepole, kama mtu anayefungua dawa.

Mara moja tu alikuja bila kibati, maana kanga yenye kibati ilikuwa imefuliwa na ipo kambani. Chidawali alimjua. Kila asubuhi alikula mihogo yake, mara nyingine kwa mkopo wa maneno matamu tu. Hata hivyo akakaza uso akasema, "Kibati, mama." Mama yule akarudi nyumbani jua likiwa la utosi, na Sikudhani akalia ameshika nondo za lango mpaka mama yake aliporudi anatweta, kibati mkononi. Wala hakunung'unika. Alisema, "Ahsante baba, unanilindia mwanangu." Chidawali aliona haya. Haya ikamshika kidogo, halafu likaja gari jingine, akasahau.

Siku nyingine akaja mtu kwa miguu. Shati limepigwa pasi, saa mkononi, viatu vinang'aa bila chembe ya vumbi, katika mji ambao hata mwenyekiti ana vumbi viatuni. Alisalimia vizuri. Akasema yeye ni baba mdogo wa Sikudhani, na kwamba mama wa mtoto ameungua kwa mafuta, yuko zahanati, anamtaka mwanawe. Jina la mtoto na habari za mama yake alizijua kwa kukaa tu pale stendi, kula mihogo na kumsikiliza mama anayejisifia mtoto wake mmoja.

Chidawali akafungua mdomo ili aombe kibati. Yule mtu akatabasamu. "Kwani hunijui, mzee wangu?"

Mzee akatafuta kichwani. Akatafuta kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye magari yote yaliyowahi kusimama pale. Hakumwona mtu huyu popote. Neno lilikuwa limemjia mdomoni, neno dogo kabisa, "sikujui", na laiti angelitema tu! Lakini alimkumbuka mwenye duka la saruji, na foleni ya wazazi, na yeye mwenyewe amesimama akifokewa kama mtoto. Akainamisha macho, kama tulivyolelewa sote kuyainamisha mbele ya wakubwa. "Nitaachaje kukujua, bwana?" akasema, akaenda kumwita mtoto.

Sikudhani alitoka na mkoba wake. Akamtazama yule mtu kuanzia viatuni hadi usoni, akajibanza nyuma ya bawabu. "Babu, mimi simjui."

Katika shule nzima, pamoja na walimu wake na kamati yake, aliyekuwa na ujasiri wa kulisema neno hilo alikuwa mtoto huyu mmoja. Na Chidawali akamkaripia! "Hebu shika adabu. Mkubwa haambiwi hivyo. Mwamkie." Mtoto alikuwa na adabu, mama yake alimlea vizuri. Akasema, "Shikamoo." Yule mtu akasema, "Marahaba," akamshika mkono. Komeo likavutwa. Walipofika penye kona ya stendi Sikudhani aligeuka nyuma, na Chidawali akampungia.

Saa ya kutoka, wazazi walipokuja, Mama Sikudhani alikuja nao, ananukia mafuta kama siku zote. Chidawali alimwona anavuka barabara, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye mikono ya mama yule. Mikono ilikuwa mizima. Haikuwa na lengelenge wala kitambaa cha dawa. Mzee akashika nondo za lango, zile zile alizozishika mtoto siku ile akilia. Mama akafika, akalifungua fundo la kanga polepole kama desturi yake, akaiweka alama ya mwiko kwenye kiganja cha bawabu.

"Kibati hiki hapa, baba. Nipe mwanangu."

Polisi walikuja. Mabasi yalikuwa yamekwisha kuondoka, haya ya mashariki, yale ya magharibi. Walimuuliza mzee sura ya yule mtu, naye akaanza kueleza viatu, akaeleza saa, akaeleza shati, na alipofika usoni akarudi tena viatuni, kwa kuwa uso hakuutazama sawasawa. "Alikuwa mtu wa heshima," ndilo alilorudia, mpaka askari akaifunika kalamu yake.

Kamati ikakutana darasani jioni ile ile. Mwenyekiti alipiga meza, akataka kujua ni nani aliyemtoa mtoto bila kibati. Chidawali akasimama. "Niliona ni mtu mkubwa," akasema. "Sikudhani..." Akaishia hapo, akaketi. Eliwaza akainamisha kichwa na kusema alipowaruhusu baadhi ya watu hakudhani yatafika huku. Mwenyekiti naye, ambaye hakuulizwa na mtu, akajikuta anasema kwamba hata yeye hakudhani. Na huko nje, kwenye uwanja, kwenye vyoo, nyuma ya maghala ya stendi, mama alikuwa anapita akiita kwa sauti iliyokwisha kukauka, "Sikudhani! Sikudhani!" Waliokuwa ndani walilisikia jina lile linazunguka kuta za darasa, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. Lilikuwa ni neno lao wote, na yeye alikuwa analiita kwa niaba yao.

Mtoto hakuonekana. Watu wakasema majuto ni mjukuu. Mjukuu gani? Wa mwenyekiti alikuwa kwao, anakula wali. Chidawali akafukuzwa kazi, na hakuna aliyemwonea huruma, wala yeye hakuiomba. Lango likawekewa kufuli jipya, kubwa, na ukutani sheria ikapakwa rangi upya, nyekundu kuliko mwanzo. Wote wakakubaliana kwamba kosa lilikuwa la bawabu.

Mama Sikudhani bado huja langoni saa ya kutoka. Husimama kwenye foleni na wenzake, na zamu yake ikifika hulifungua fundo la kanga, hukitoa kibati, hukionyesha, maana yeye hajawahi kuivunja sheria. Bawabu mpya hukitazama kile kibati, akatazama kola za watoto waliobaki, kisha hutazama chini. Mama naye hukifunga tena kwenye pindo, akarudi kwenye mihogo yake.

Basi ninyi mlioketi hapa, wenye magari na wenye vyeo, na ninyi mnaowafungulia, niambieni: lango lile lilifunguliwa siku gani?